Ndugu T. Halfani wa Kondoa

"Karibuni ndani, mama, huo upepo una vumbi," alisema kijana aliyeketi nyuma ya meza, na Tabu akajua papo hapo kuwa ndiye.

Sauti hiyo hakuwahi kuisikia maishani mwake. Alikuwa ameisoma tu, kwa miaka miwili, katika barua zilizofika shuleni kwao Kondoa ndani ya bahasha za kaki, kila moja ikiwa na kanda iliyoviringishwa gazeti. Akilini mwake alikuwa ameifanya nzito, sauti ya mtu mwenye kifua. Kumbe ilikuwa laini, tena yenye haya kidogo, na mwenye sauti alikuwa mrefu, mwembamba, amechomeka bisibisi nyuma ya sikio kama karani anavyochomeka kalamu. Ukutani juu yake palikuwa na kibao: BASHIRI ELEKTRONIKI. TUNATENGENEZA REDIO, TUNAREKODI KANDA.

Tabu alishika fremu ya mlango.

"Asalaam aleikum," alisema Shangazi Hamida, akampita na kuingia bila wasiwasi.

"Aleikum salaam. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tabu! Mbona umeganda mlangoni? Ingia ukae."

Mambo hayakupangwa kuwa hivi. Tabu alikuja Dodoma kwa semina ya walimu ya juma moja, akafikia kwa shangazi yake Chang'ombe, na nia yake ilikuwa kuja Barabara ya Tano peke yake siku semina itakapokwisha. Lakini Shangazi alipomwona anavaa viatu alichukua ushungi wake naye. "Msichana aliyeposwa hatangitangi mjini kama kishada kilichokatika uzi," alisema. "Tena nina kanda yangu imeharibika. Tutakwenda wote."

Na kweli Tabu alikuwa ameposwa. Hamza, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye malori mawili, alikuwa ameleta wazee wake wiki tatu zilizopita, na Jumapili baba yake Tabu alitakiwa atoe jibu. Katika ukoo wao neno la ndoa halikusemwa mpaka Shangazi Hamida, dada mkubwa wa baba, alibariki. Na Shangazi alimpenda Hamza.

Bashiri hakujua lolote kati ya hayo. Habari yao ilianzia gazetini, mwaka wa tisini na tano, wakati magazeti mapya yalipokuwa yakizaliwa kama uyoga na kila moja likiwa na ukurasa wa marafiki wa kalamu. Tangazo lake lilikuwa fupi: *Bashiri, fundi redio, Dodoma. Natafuta mtu anayesikiliza hevi metali katika Tanzania hii. Hata mmoja.*

Tabu alilisoma mara tano. Yeye ndiye alikuwa huyo mmoja. Bwana misitu wa Kiswidi, aliyefanya kazi na baba yake kwenye mradi wa kuhifadhi udongo, alipomaliza mkataba wake aliwaachia redio na boksi la kanda za muziki huo wa magitaa ya kishindo. Tabu, akiwa na miaka kumi na sita, alibonyeza kitufe akadhani redio imeungua. Akaizima. Kesho yake akaiwasha tena, na kesho kutwa, hadi siku moja akajikuta anaisubiri saa ya kuiwasha.

Basi aliandika, akasaini *T. Halfani*. Jibu lilirudi mbio: *Ndugu yangu Halfani, kaka, kumbe siko peke yangu!* Tabu angemsahihisha siku ile ile, lakini chini ya ukurasa kijana alikuwa ameandika kwamba muziki huu wanawake hawauwezi, dakika mbili tu wanashika kichwa. Tabu akawaka. Akaapa kumshinda kwa hoja kwanza, kisha ndipo amwambie ni nani aliyemshinda. Walibishana kuhusu ngoma, kuhusu magitaa, kuhusu nani anaimba na nani anapiga kelele. Na mtu akibishana na mwenzake miaka miwili bila kumchoka, jambo hilo jina lake si ubishi tena. Kufikia hapo, kusema kweli kulikuwa kumegeuka mlima.

Sasa mlima wenyewe ulikuwa mbele yake, umevaa fulana ya mitumba yenye picha ya fuvu, unamtazama Shangazi kwa heshima.

"Imeliwa na redio," Shangazi alisema, akitoa kanda kwenye leso. "Ni maulidi ya mwaka themanini na nne. Anayesoma humo ni marehemu mume wangu. Mafundi wawili wameniambia niitupe."

Bashiri aliipokea kwa mikono miwili. "Haitupwi hii, mama. Nipe muda kidogo."

Alifungua vijiskrubu vitano, akairudisha bisibisi sikioni, akaulaza utepe uliojikunja juu ya kipande cha kioo, akaanza kuunyoosha kwa ubavu wa ukucha. Hakuharakisha. Kule nyuma, kwenye rafu, redio nyingine ilikuwa ikinguruma kwa sauti ya chini, taratibu, pigo baada ya pigo.

"Baba," alisema Shangazi, "jenereta lako lina kasoro."

Bashiri alicheka. "Si jenereta, mama. Ni muziki."

"Muziki? Unaumwa?"

"Ndivyo ulivyo. Unaitwa doom. Mwendo wake ni wa pole."

"Na wapo wanaousikiliza?"

"Dodoma hii, labda mimi tu." Akanyoosha mkono kuuzima, akasita. "Unajua, mama, hevi metali ni kama kabila kubwa. Lina koo zake, na koo zenyewe hazipatani."

Kama kungoja kusingekuwa kurefu, Shangazi asingeuliza. Lakini utepe ulikuwa na mikunjo mingi. "Koo zipi hizo?"

Macho ya kijana yaling'aa. Tabu aliutambua mwanga huo ingawa hakuwahi kuuona. Aliujua kutoka kwenye mwandiko wake, pale herufi zilipoanza kulala kwa haraka.

"Kuna thrash. Hao ni wa kasi, mama. Gitaa linakwenda kama cherehani ya fundi anayesubiriwa na bibi harusi. Wanaimba hasira, vita, dhuluma. Huo ndio ukoo wangu mimi. Kuna glam: wanaume wamepaka wanja na rangi ya mdomo, nywele mpaka mgongoni, wanaimba mapenzi."

"Wanaume?"

"Wanaume kabisa, wenye wake zao."

"Astaghfirullah. Endelea."

"Kuna death metali, mwimbaji ananguruma kutoka tumboni kama chui aliyebanwa na mlango. Neno husikii hata moja, ila mpiga ngoma wao, mama, sijui ana miguu mingapi. Halafu hii doom. Mimi niliidharau sana. Yupo mwenzangu mmoja ndiye aliyenifungua masikio. Lakini hata leo nasema, mwenye kutaka nguvu aende kwenye thrash. Kasi ndiyo nguvu."

Tabu alikuwa ameapa kunyamaza. Mdomo ulimsaliti.

"Kasi si nguvu," alisema. "Anayekimbia ni mwenye hofu. Mwenye uzito hutembea."

Bisibisi ilianguka kutoka sikioni mwa Bashiri, ikagonga meza, ikabingirika hadi chini. Hakuiokota. Maneno hayo, neno kwa neno, yalikuwa kwenye barua ya mwaka jana, na aliyeyaandika aliyapigia mstari mara mbili.

Akainua uso. Akamtazama msichana aliyeketi kwenye benchi, ushungi wa rangi ya zambarau, vumbi kwenye viatu, mikono imekumbatia mkoba kama anayeogopa kuporwa. Alimtazama kwanza kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha, kisha kama mtu aliyeifungua. Tabu alijaribu kuyakwepa macho hayo akashindwa. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni.

"Dada," alisema Bashiri, na sauti yake ilikuwa imepungua, "unaifahamu doom?"

"Nimewahi kuisikia."

"Na zile za panga na majoka? Power metali. Mimi nasema ni za watoto."

"Wasiojua hadithi ndio wanaosema hivyo. Bibi zetu wametusimulia majitu yenye vichwa saba, tukakaa kimya kwa adabu. Mzungu akiliimba jitu lake unamcheka?"

"Na glam?"

"Glam ni ya kusikiliza wakati wa kufua. Nguo zinatakata upesi."

Bashiri aliuma mdomo kuzuia kicheko. Shangazi alimtazama huyu, akamtazama yule, kama anayefuata mpira.

"Tabu, haya umeyajulia wapi?"

"Semina, Shangazi."

"Tabu," alirudia Bashiri polepole, kwa pumzi tu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akainamia kazi yake haraka. Alikata kipande kidogo cha utepe kisichozidi punje ya mtama, akaunga kwa selotepu, akaokota bisibisi, akafunga skrubu. "Tujaribu, mama," alisema, akaizima ile redio ya rafuni, akaiweka kanda kwenye nyingine.

Palikwaruza. Palikohoa. Halafu sauti ya mwanamume ikatoka, kongwe, tamu, ikisoma barzanji, na nyuma yake watu wakaitikia. Shangazi Hamida hakusogea. Midomo yake tu ilikuwa ikifuata. Ulipofika ubeti wa tatu alisimama ghafla.

"Nakwenda hapo jirani kuangalia kanga," alisema, pembe ya ushungi ikiwa tayari machoni, akatoka.

Bashiri alipunguza sauti. Wakabaki wawili, na maulidi yakiwa yanasomwa kwa mbali.

"Nisamehe," alisema Tabu, maneno yakimtoka kwa kusukumana. "Mimi ndiye T. Halfani. Sikukusudia kukudanganya. Uliniita kaka, nikakasirika kwa yale uliyoandika juu ya wanawake, nikasema nitakuonyesha kwanza, halafu siku zikaenda, nikaogopa. Nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kabla Shangazi hajarudi."

"Najua," alisema Bashiri.

"Unajua nini?"

"Kwamba Halfani ni mwanamke. Jina tu ndilo sikulijua, wala sura. Najua tangu Ramadhani ya mwaka jana."

"Nani alikwambia?"

"Wewe mwenyewe." Alikuna shingo, akatazama pembeni kwa haya. "Uliandika kwamba umepata nafasi ya kusikiliza kanda zote, kwa sababu wiki hiyo hufungi, utalipa baada ya Idi. Siku sita, uliandika. Mimi nina dada watatu, mwalimu. Mwanamume haumwi, hasafiri, halafu anakula mchana siku sita na kuzitangaza?"

"Yaani..." Tabu aliuvuta ushungi ukamfunika uso wote. "Ya Rabi. Niliandika hivyo?"

"Kwa mwandiko mzuri kabisa."

Chini ya ushungi Tabu hakujua alie au acheke. Kisha hasira ikamfika. Akaufunua uso. "Mwaka na nusu! Mwaka na nusu umejua, ukaniacha nateseka? Kila barua natetemeka, nasema leo atagundua, leo ataniandikia matusi! Ulikuwa unanicheka!"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini wewe?"

"Kwamba nikisema najua, utaona aibu, utaacha kuandika. Ukiacha, nitabaki na nani?" Alisema hivyo bila mapambo, akitazama mikono yake. "Nimeishi mji huu nikiwa kichekesho. Hata huyo niliyetaka kumwoa zamani aliniambia kichwa changu kina mashetani. Halafu akatokea mtu mmoja Kondoa anayenielewa, ananiambia nimekosea, na ananieleza nimekosea wapi. Ningemhatarisha mtu huyo kwa sababu ya udadisi? Hebu fikiri, Tabu. Tangu Ramadhani ile, nimekuita kaka tena?"

Tabu alifikiri. Barua zote zilimpita kichwani. *Mwenzangu Halfani.* Ndivyo zilivyoanza zote, *mwenzangu*, naye alidhani ni baridi tu ya mtu aliyechoka kuandika kaka.

"Nilijaribu majina yote," alisema Bashiri. "Tausi. Tatu. Twaiba. Nilikaribia kukuita Tausi. Tabu sikuifikiria."

"Basi umeipata."

"Nimeipata, na naona ndiyo kwanza inaanza."

Walicheka wote wawili, kicheko cha kwanza walichowahi kucheka pamoja, nacho kiliwatoka kwa nguvu mpaka muuza viatu wa ng'ambo akageuka. Na katikati ya kicheko hicho Tabu akaanza kulia.

"Vipi tena?"

"Nimeposwa. Jumapili baba anajibu."

Kicheko kilimfia Bashiri usoni. Aliketi taratibu. "Ni mtu mbaya?"

"Si mbaya. Hamza ni mtu mwema. Ndiyo taabu yenyewe, sina cha kumkatalia."

"Na wewe unataka nini?"

"Bashiri! Mwanamke amevuka vumbi lote hili, ameingia dukani kwako na shangazi yake, amekutajia jina. Bado unamwuliza anataka nini?"

Kijana alisimama, akazunguka meza, akakomea hapo, hatua mbili kutoka kwake, hakuthubutu ya tatu. "Nina duka la kupanga na chumba kimoja," alisema. "Yule ana malori."

"Sikuandikiana na malori."

"Nani kaandikiana na nani?"

Shangazi Hamida alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na kanga yoyote mkononi.

Uongo ulimjia Tabu tayari umepikwa: semina, mwalimu mwenzake, kitabu. Lakini Bashiri alitangulia.

"Ni mimi na mwanao, mama. Tumeandikiana miaka miwili. Sijapata kumwona mpaka leo, na sijapata kumwandikia neno la kumvunjia heshima."

Shangazi aliingia, akaketi kwenye benchi, akaupanga ushungi wake kwa makini.

"Tabu. Umeposwa."

"Ndiyo, Shangazi. Lakini bado sijajibu. Hakuna aliyeniuliza."

"Hm." Akamgeukia kijana. "Wewe unaswali?"

"Naswali, mama."

"Na hayo ya jenereta? Mimi si mtoto. Nimewahi kusikia kuna muziki wa Wazungu wa namna hiyo unaomtukana Mungu. Usinifiche."

Tabu alimtazama Bashiri, na kwa macho yake yote alimwomba aseme hapana. Neno moja tu, hapana, nani angejua? Bashiri aliyaona maombi hayo, akatikisa kichwa kidogo.

"Upo, mama. Ni ukoo unaoitwa black metali. Sio wote, lakini wapo wanaomtukana Mungu waziwazi, na kujisifia hilo. Niliwahi kuletewa kanda yao. Niliisikiliza upande mmoja, nikaifuta nikarekodi taarabu juu yake. Siwezi kukuapia kwamba kabila zima ni safi. Hata ukoo wa mtu huwa na wezi. Naweza kukueleza tu ninachosikiliza mimi, na kwa nini."

"Barua unazo?"

"Ninazo zote."

"Zilete."

Alileta boksi la redio la zamani, limejaa bahasha zilizopangwa kwa tarehe. Shangazi alitumbukiza mkono katikati bila kutazama, akachomoa moja, akampa Tabu. "Kama hakuna haramu, soma. Kwa sauti."

Tabu aliutambua mwandiko wake, kisha tarehe, na moyo ukamshuka. Kati ya barua zote alizoandika, hii ndiyo asingependa Shangazi aisikie.

"Shangazi, chukua nyingine."

"Hiyo hiyo."

Akasoma.

"*Mwenzangu Bashiri. Umeniuliza kwa nini nakasirika ukisema doom inachosha. Nitakwambia ambalo sijamwambia mtu. Mama alipofariki, kila aliyekuja kuhani aliniambia jikaze, wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wanakutazama. Shangazi yangu, ninayempenda kuliko ndugu wote, ndiye aliyeniambia nisilie, machozi yanamchoma marehemu. Nikajikaza siku arobaini. Watu wakanisifu. Arobaini ilipopita nikachukua redio, nikapanda kilima cha nyuma ya shule baada ya vipindi. Nilijaribu thrash, ikawa inanikimbiza, na mimi sikuwa na pa kukimbilia. Glam ilikuwa kama mgeni anayechekacheka msibani. Nikaweka ile ya polepole. Hiyo haikuniambia nyamaza. Ilikaa na mimi, ikaenda kwa mwendo niliokuwa nao. Nililia hadi betri zikaisha. Niliposhuka, kwa mara ya kwanza niliweza kumtaja mama kwa jina lake. Kwa hiyo usiniambie inachosha. Sema hujaihitaji bado, nami nakuombea usiihitaji upesi.*"

Aliikunja barua. Hakuthubutu kuinua macho. Maulidi yalikuwa yamefika mwisho wa upande, redio ikazima yenyewe kwa mlio wa kitufe.

"Mimi nilisema hivyo," alisema Shangazi.

"Ulisema, Shangazi. Sikukulaumu."

"Nilisema." Aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. "Mama yako alikuwa wifi yangu kwa jina tu. Tulikuwa kama pacha. Nilikwambia wewe usilie kwa sababu niliona wazi kuwa ukianza wewe, mimi nitaanguka palepale mbele ya watu." Akaichukua barua, akairudisha kwenye boksi. "Sikujua ulipanda kilimani peke yako."

Kisha akamgeukia Bashiri, na macho yake yalikuwa mekundu lakini makali. "Na wewe ulipoisoma hiyo, ulimjibu nini?"

"Sikumjibu kitu, mama. Sikuwa na maneno."

"Hukuandika?"

"Nilimrekodia kanda mbili za namna ile ile. Nikaweka na betri."

"Betri nane," alisema Tabu. "Karani wa posta alidhani ni dhahabu kwa uzito wake."

"Betri," alirudia Shangazi. Alilitafakari neno hilo muda mrefu, kana kwamba amepewa kitu cha kushika na anataka kujua kimetengenezwa na nini. Nje, upepo ulivuta karatasi la biskuti ukalipitisha mlangoni. Hatimaye alipumua.

"Hamza nitazungumza naye mwenyewe. Ni mtu muungwana, na muungwana anastahili mke anayemtaka. Jumapili baba yako hatajibu chochote, mimi nitakuwa nimefika kabla. Wewe, Bashiri, una wazee?"

"Baba mdogo yuko Zuzu, mama."

"Mwambie Jumamosi ijayo awe Kondoa, na mwenzake mmoja mwenye mvi. Waje kwa adabu, waulize kwa adabu. Sikuahidi mke. Nakuahidi watakaribishwa na watasikilizwa."

"Inshallah, mama. Watakuja. Hata leo wangekuja."

"Leo hapana, tulia. Na jambo moja: hilo jenereta halipigwi harusini."

"Halipigwi, mama."

"Hata glam, Shangazi?" aliuliza Tabu, na alishangaa kusikia utani ukitoka kinywani mwake.

"Ile ya wanaume wenye wanja?" Shangazi alisimama, akajitikisa vumbi. "Hiyo nitaisikiliza kwanza."

Bashiri aliiviringisha kanda ya maulidi kwenye gazeti, kwa mikunjo ambayo Tabu aliifahamu kuliko mistari ya kiganja chake, akamkabidhi Shangazi kwa mikono miwili. Tabu hakumpa mkono. Walitazamana tu, mlangoni, na katika kutazamana huko hapakuwa na swali lililobaki.

"Utaniandikia?" aliuliza Bashiri.

"Jumatatu. Kuna uliyosema leo kuhusu power metali, siwezi kuyaacha yapite."

Njia nzima ya kurudi Chang'ombe Shangazi alitembea ameikumbatia kanda yake, Tabu akimfuata. Kifua chake kilikuwa chepesi ajabu, kama mtu aliyetua mtungi kichwani na shingo bado haijaamini. Walipofika, Shangazi alisonga ugali wa mtama, akapika mlenda, akaweka na maziwa ya mgando pembeni. Wiki tatu nzima chakula kilikuwa kikimkwama Tabu kooni. Siku hiyo alikula sahani ya kwanza, akala ya pili, akaufuta mwiko kwa kidole. Kisha, jua likiwa bado juu ya mapaa ya mabati, alijilaza mkekani akisema anajinyoosha kidogo tu, na kabla hajamaliza sentensi usingizi ukamchukua.

Hakusikia hodi ya Bi Generosa, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuja kuuliza kama ni kweli aliyoyasikia kisimani, kwamba harusi ya Kondoa iko karibu.

Shangazi Hamida aliweka kidole mdomoni, akamvutia kigoda.

"Harusi ipo," alinong'ona. "Ila bwana harusi amebadilika. Kaa nikueleze, lakini taratibu, mwanangu amelala."